Tone-la-Damu la Mama

Helsinki, 26 Septemba 1971

Mdogo wangu Tauno,

Salamu zikukute ukiwa mzima, umeshiba, na soksi umebadilisha. Mimi nyonga imeshapasuliwa na kuungwa, nashukuru Mungu, na sasa niko kwa Marjatta ghorofa ya nne. Natembea na mikongojo yangu kutoka kitandani hadi dirishani, halafu narudi. Mwanangu ananitunza mpaka nachoka, hata kikombe haniachii nioshe. Daktari anasema nitarudi nyumbani theluji ikishayeyuka, si kabla, kwa hiyo Krismasi usinisubiri.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonikalisha niandike. Maua. Najua miaka yote hii umekuwa ukiyapita kama mtu anayepita mbele ya kanisa la dhehebu jingine. Mwaka huu ni wewe tu, hakuna mwingine.

Dalia usiziguse mpaka jalidi, ile baridi inayogandisha, iziunguze majani yawe meusi. Hapo ndipo uchimbue vile viazi vyake, uvipukute udongo, uvilaze kwenye mchanga ndani ya ghala la chini. Pelagonia zipandishe chumba cha juu, pale dirishani penye ubaridi, uzinyweshe siku ukikumbuka. Kwa kuwa hukumbuki, hizo hazinitii wasiwasi.

Lile ua la Mama, tone-la-damu, ndilo linaloninyima raha. Siku tuliyoambiwa tuondoke kwetu Karelia, Warusi wanakuja, wewe ulikuwa bado vitani, hukuona. Mama aliacha saa ya ukutani, akaacha mashuka ya harusi yake. Alivunja tawi moja la ua hilo dirishani, akalifunga kwa kitambaa chenye maji, akalitia ndani ya kopo la maziwa na kulikumbatia kwenye behewa la ng'ombe mpaka huko Savo tunakoishi sasa. Nyumba yetu imebaki upande wa pili wa mpaka, na ziwa letu, na kaburi la Baba. Kilichovuka kikiwa hai ni sisi na hilo ua. Likifa, Tauno, sijui nitauweka wapi uso wangu.

Liingize ghalani kabla ya jalidi ya kwanza. Giza, baridi isiyogandisha, maji kidogo mno, basi. Mama alifanya hivyo na mimi nimefanya hivyo.

Na Saimi wa jirani asikanyage ghalani kwangu. Unajua mwenyewe. Kuniibia kijiti cha kupanda si kosa, sote tunajua kijiti cha wizi ndicho kinachoshika, na anayepewa haruhusiwi kusema asante, la sivyo kinakauka. Hata mimi nimemwibia mke wa mchungaji mbele ya macho yake. Lakini Saimi alisimama kwenye maonyesho ya maua ya akina mama, mimi nipo hapo na kikombe mkononi, akamwambia jaji kwamba lile tone-la-damu aliloliotesha kwa kijiti changu amelirithi kwa bibi yake. Bibi yake! Tangu siku hiyo jirani yangu upande ule ni msitu.

Dada yako,
Helvi


Mustalampi, 11 Oktoba 1971

Dada Helvi,

Natumaini barua hii itakukuta nyonga inaendelea vyema na Marjatta amekuruhusu angalau kijiko. Huku mimi na paka ni wazima. Amekuchukulia wewe umekufa, amehamia kitandani kwako.

Kazi yako nimeifanya. Jalidi ilipiga usiku wa Jumatano, asubuhi dalia zimekuwa kama vitambaa vya kupigia deki, nikazichimbua zote. Lakini lazima nikuambie jambo. Viazi vya kula na viazi vya dalia nimeviweka ghalani upande mmoja, na Ijumaa nilipika chungu kizima na samaki. Nilipotafuna nikasema, mbona mwaka huu viazi vina ladha ya sabuni? Nikala vitatu kabla sijaelewa. Dalia nyeupe ile kubwa usiitarajie sana.

Kuhusu tone-la-damu, dada, hapo moyo wangu umegoma. Nimelibeba mpaka mlangoni mwa ghala, limejaa maua, linaning'inia na vipuli vyake vyekundu, nikatazama lile shimo la giza nikasema hapana. Hata mbwa simtendei hivi. Ua la Mama, limekimbia vita, halafu tulifungie gizani na maboga? Nimeliweka ndani, karibu na jiko, penye joto. Kila asubuhi nalipa maji ya vuguvugu. Linaonekana limefurahi.

Mdogo wako,
Tauno


Helsinki, 15 Oktoba 1971

Tauno,

Hujambo. Sijambo. Litoe hapo jikoni leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Nangoja. Umelitoa? Haya. Tauno, hilo ua halifurahi, limechanganyikiwa. Huku kwetu jua linaondoka, na mmea ukipewa joto bila jua unarefuka kama uzi, unaota wadudu, unakufa Januari. Lazima lilale. Giza si adhabu, ni kitanda! Wewe mwenyewe ukimaliza kazi ya magogo mtoni ulikuwa ukilala siku mbili, nani alikuita maiti?

Viazi vya dalia nimecheka mpaka mshono umeniuma. Marjatta alikuja mbio akidhani naita msaada. Samaki ulimla na chumvi au na siagi?

Dada yako,
Helvi


Mustalampi, 12 Desemba 1971

Dada mpendwa,

Habari ya huko. Huku baridi ni kali. Kuni zipo. Paka hajambo. Tone-la-damu halijambo kabisa, liko ghalani na majani yote, ya kijani kibichi. Usiwe na wasiwasi wowote.

Wako,
Tauno


Helsinki, 17 Desemba 1971

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo, na Marjatta anakusalimu. Sasa natembea na mkongojo mmoja.

Barua yako nimeisoma mara moja, ikatosha. Majani yote? Ya kijani kibichi? Ghalani, gizani, mwezi wa Desemba? Tauno, mtu wangu, tone-la-damu likilala ghalani linapukutisha majani yote, linabaki vijiti vitupu kama kile kifungu cha matawi cha kujipigia kwenye bafu la mvuke, cha mwaka jana. Hivyo ndivyo linavyopaswa kuwa. Kama lako lina majani basi umenunua la plastiki.

Na wewe hujawahi kuniandikia kwa ufupi namna hiyo isipokuwa ulipozamisha mashua ya Baba. "Usiwe na wasiwasi wowote." Sasa ninao, tena mwingi.

Chukua ukucha, kwaruza gamba la shina. Chini yake pakiwa kijani, liko hai. Halafu niambie kweli. Sitakula mtu.

Dada yako,
Helvi


Mustalampi, 22 Desemba 1971

Dada Helvi,

Sina hata salamu ya kukupa, nitaanza na lenyewe. Nimelikwaruza kila mahali. Ni kahawia. Nikalitoa kwenye chungu, mizizi imelegea inateleza mkononi. Limekufa, dada. Nimeliua mimi.

Nililishusha ghalani kama ulivyosema, lakini majani yalipopukutika Novemba nilidhani tayari limekufa, nikaanza kulipa maji kila siku kuomba msamaha. Udongo ukawa uji. Kisha Siku ya Uhuru nilishuka ghalani kuchukua viazi, nikasikia maveterani wenzangu wanapiga honi barabarani, tulikuwa tunakwenda kuwasha mishumaa kwenye makaburi ya mashujaa. Nikakimbia. Theluji iliziba mlango, haukufunga, na mimi sikutazama nyuma. Tulikaa huko, tukanywa kahawa kwa mmoja wetu, nikarudi kesho yake. Baridi ilikuwa imeshuka vibaya sana. Maji yote niliyolimiminia yaliganda humo humo chunguni.

Nilikudanganya kwa sababu ya nyonga yako. Nilisema nitakuambia ukishapona. Sasa unajua.

Viazi vimepona karibu vyote. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Tauno


Mustalampi, 19 Januari 1972

Dada yangu,

Krismasi imepita na Mwaka Mpya umepita, sijapata hata kadi kutoka kwako. Mleta barua akifika ananiona nimesimama kwenye theluji, anatikisa kichwa kutoka mbali ili nisihangaike kusogea. Nitukane basi. Andika hata "mjinga wewe" kwenye karatasi tupu, nitaitundika ukutani.

Pelagonia zote ziko hai, nazihesabu kama askari kila asubuhi. Nimejifunza kuzinyima maji.

Mdogo wako,
Tauno


Helsinki, 30 Januari 1972

Mdogo wangu Tauno,

Mjinga wewe. Haya, tundika.

Sikukaa kimya kwa hasira. Nilikuwa nalia, na mtu akilia hawezi kuandika, wino unatawanyika. Nililia kwa ajili ya Mama kuliko nilivyolia siku tuliyomzika, maana siku ile nilikuwa na wageni wa kuwalisha. Marjatta aliniletea tone-la-damu kutoka dukani, la zambarau, limejaa maua. Ni zuri. Nimelisalimia kwa adabu kama mgeni wa mtu mwingine.

Sasa nimetulia. Hukufanya kwa ubaya. Ulilipa joto kwa upendo, ukalipa maji kwa upendo, mlango ukauacha wazi kwa heshima ya wenzako waliokufa. Sina la kukulaumu, na hilo linaniudhi.

Najua unachofikiri. Najua kuna nyumba moja duniani ambako damu ya ua la Mama bado inatembea, na moshi wake unauona kutoka dirishani kwangu. Usiende. Nimekataa. Afadhali nikose kuliko kuomba kwa mtu aliyemfuta mama yangu mbele ya jaji.

Kula vizuri.

Dada yako,
Helvi


Mustalampi, 9 Aprili 1972

Dada Helvi,

Salamu nyingi kutoka kwenye matope. Barabara imeoza, ziwa linaguna barafu ikipasuka, na leo paka amekuja na miguu michafu. Natumaini sasa umeutupa na huo mkongojo wa mwisho.

Kaa chini. Nimekwenda kwa Saimi.

Nilibisha hodi Februari nikiwa na kofia mkononi. Nikamweleza yote, hata maji ya vuguvugu. Nilidhani atacheka. Akaketi, akasema, "Maskini Helvi." Basi. Lake alikuwa ameshalitoa ghalani mapema, liko dirishani linachipua. Akachukua kisu, akakata kijiti kizuri, akanipa. Na mimi, dada, unanijua nilivyolelewa. Nikasema, "Asante sana."

Saimi akapiga ukelele hadi paka wake akapanda juu ya kabati. "Wee Tauno! Umri wote huo, hujui? Kimeshakufa hicho!" Nikamwambia ni ushirikina wa wanawake. Nikakipanda. Baada ya juma moja kikainama, kikawa cheusi chini.

Nikarudi. Safari hii nilikaza meno, sikutamka neno, nikapokea kijiti nikaondoka kama mwizi. Lakini kesho yake nilikuwa nimevua samaki mzuri chini ya barafu, nikampelekea. Akamtazama samaki, akanitazama mimi. "Huyu wa nini?"

"Wa kula tu."

"Wa kula tu! Huyu ni asante yenye mapezi, Tauno. Mrudishe ziwani."

Hakumrudisha, tulimla pamoja. Na kijiti kikafa. Sasa sisemi tena ni ushirikina, nimekwisha kuamini.

Mara ya tatu akasema hawezi tena kunipa, adabu yangu inaua. "Itabidi uibe," akasema. Nikamwambia mimi mzee wa kanisa, sijaiba kitu tangu nikiwa jeshini. Akavaa viatu vya mpira, akachukua ndoo, akasimama mlangoni akapaza sauti kama anaiambia miti ya msituni: "Mimi nakwenda kisimani! Kisima changu kiko mbali! Na nikifika huko nitapumzika!" Kisima chake, dada, kiko hatua chache tu kutoka ngazini. Nikachungulia dirishani, nikamwona amekaa huko juu ya ndoo, amenipa mgongo, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Nikavunja kijiti, nikakificha kifuani ndani ya shati, nikatoka mlango wa nyuma na kuanguka kwenye theluji.

Kimeshika! Jana kimetoa jani jipya, dogo kama ukucha wa mtoto. Kiko kwenye kikombe chako cha buluu, pale dirishani Mama alipopenda. Maji nakipa kwa kijiko.

Kuhusu bibi yake nilimwuliza. Akawa mwekundu. Alisema jaji alimkazia macho na kumwuliza, "Hili umelipata wapi?" na wewe umesimama pale pale, akashikwa na aibu kusema ameiba, neno la kwanza lililomjia ni bibi. Akaona uso wako. Alitaka kuja kesho yake, akaogopa, kisha ikawa miaka. Anasema ua lake hupenda kulitaja kwa jina moja tu akiwa peke yake: la mama yake Helvi.

Mdogo wako asiyesikia,
Tauno


Helsinki, 16 Aprili 1972

Tauno,

Nilikukataza na ukaenda. Nashindwa kukasirika, nimejaribu tangu asubuhi. Marjatta amenikuta nimeshika barua yako nacheka na machozi yananitiririka, akataka kumpigia daktari.

Sikiliza. Kikifikisha majani sita kata kile kichwa cha juu, kwa ukucha, bila huruma, kipate matawi. Najua huruma yako. Kata. Ukianza kusikia jua la mchana linachoma, kiwekee pazia.

Kuhusu Saimi sijui niseme nini, na neno moja ambalo mtu yeyote angelisema ndilo nisiloruhusiwa kulisema. Nisipolisema naonekana sina shukrani, nikilisema naliua ua la Mama mara ya pili. Yeye analijua hilo. Nadhani anafurahia.

Swali jingine. Februari, Machi, Aprili. Kijiti kimoja. Kahawa ngapi umekunywa kwa Saimi, Tauno?

Daktari ameniruhusu. Nafika tarehe 27 Mei kwa treni ya mchana, Marjatta atanileta mpaka mlangoni.

Dada yako,
Helvi


Juu ya meza ya jikoni, Mustalampi, 27 Mei 1972

Dada Helvi, karibu nyumbani,

Soma kabla hujavua kofia. Jiko lina moto, mkate wa iliki umefunikwa, paka ameambiwa. Ua liko dirishani. Nililikata kichwa kama ulivyoagiza, nikatoka nje nikatembea kidogo, halafu nikarudi. Lina matawi manne.

Mimi sipo kwa sababu ningesimama hapo mbele yako nikishika kofia na kushindwa. Ulipouliza kuhusu kahawa sikukujibu. Nimehamishia vitu vyangu kwa binamu yetu kijijini hadi Julai, maana kwa Saimi siwezi kuhamia kabla ya ndoa, mchungaji hapendi maneno, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo mimi na Saimi tutafunga ndoa. Nina miaka hamsini na minane, dada. Nilidhani mlango huo ulikwisha kufungwa.

Kuni nitakukatia kila siku kama zamani. Ukinifukuza nitazikata nikiwa nyuma ya banda.

Mdogo wako,
Tauno


Mustalampi, 18 Julai 1972

Mdogo wangu Tauno,

Habari za tangu asubuhi uliponiletea kuni. Mleta barua amenicheka alipoona anwani. "Helvi, si ungemwambia tu akikuletea kuni?" Nikamwambia apeleke barua aache mengine.

Majuma haya yote umekata kuni na mimi nimekupa kahawa, tukazungumza hali ya hewa na bei ya nyavu. Harusi hukuitaja, sikuitaja. Jina la Saimi limekaa mezani kati yetu kama mgeni asiyepewa kikombe. Ulidhani nimenuna. Mdogo wangu, nilikuwa naogopa. Niliogopa kufurahi mapema, nikasema ngoja kwanza nione kama lile ua ni la Mama kweli. Mtu anaweza kuchanganya. Miaka imepita, na tone-la-damu yako mengi.

Leo asubuhi limefunguka ua la kwanza. Nilikuwa nakoroga uji. Sketi ya nje nyekundu, ya ndani nyeupe yenye mishipa myekundu, na lile doa dogo ukingoni ambalo sijaliona kwenye ua jingine lolote, ambalo Mama alikuwa akisema limeungua kwa pasi. Niliacha mwiko sufuriani nikakaa sakafuni na nyonga yangu mpya. Nililiangalia mpaka uji ukaungua. Limevuka tena, Tauno. Lilipitia shambani kwa jirani tu, halafu likarudi nyumbani.

Kwa hiyo mwambie Saimi hivi. Kwanza, kaniibia kijiti, sasa kaniibia ndugu, huo ni wizi mkubwa na ndiyo maana najua utashika. Pili, mwaka huu kwenye maonyesho akiulizwa lile ua amelipata wapi, aseme ni la mama mkwe wake. Nitasimama pembeni na kikombe changu nisikie. Tatu, lile neno silisemi, wala leo, wala siku ya harusi, na asilitarajie kwenye kitanda changu cha kufa. Aje kesho yeye mwenyewe, mapema, kabla wewe hujafika na shoka lako. Tuna miaka mingi ya kusemezana na wewe utatukatiza.

Na jambo la kanisani. Mchungaji akipanga viti, mahali pa mama wa bwana harusi asimpe mtu wala asipaache wazi. Nitakaa mimi. Nitavaa gauni la buluu, na ua nitalipakata.

Dada yako,
Helvi